Mahari ya Meza ya Karata



Kwenye posa zetu kuna swali linalojibiwa haraka kuliko yote: "Kijana anafanya kazi gani?" Akisema "biashara, nasafiri sana," wazee huridhika, chai ikaletwa, watu wakahamia kwenye tarehe.

Binti wa dada yangu, anayeishi Mwanza, hakuridhika. Akauliza mwenyewe, mbele ya walii wake. Kijana, Allah amlipe kwa ukweli wake, akajibu kwamba anacheza poka, karata za mashindano. Leo Nairobi, kesho Johannesburg, na ndiyo riziki yake. Usiku ule akanipigia: "Mama mdogo, tabia yake sina la kusema. Anaswali, anamheshimu mama yake. Nifanyeje?"

Kijana alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, poka ni akili, si bahati. Kuna ukweli ndani yake, kwani mchezaji hodari humshinda mgeni akicheza naye muda mrefu. Lakini tazameni mashindano makubwa ya Las Vegas ya mwaka 2023. Waliingia watu 10,043, kiingilio dola 10,000 kila mmoja. Waliolipwa chochote ni 1,507. Wengine zaidi ya 8,500 waliondoka mikono mitupu, na nauli na hoteli ni juu yao. Ndiyo maana wengi huuza hisa za ushindi wao kabla hawajakaa mezani. Mke wa mtu huyo atapanga ada ya watoto kwa hesabu gani?

Hoja ya pili ilimgusa binti zaidi, maana amekulia ziwani: "Hata mvuvi anabahatisha." Kweli, wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, mwezi ukiwa mpevu hupumzika, na pengine hurudi na ndoo mbili tu. Lakini mvuvi akijaza mtumbwi, nani amepoteza? Dagaa wale huanikwa, wanawake wa mwalo wa Kirumba huwauza, magunia yakafika hadi Kongo. Kila mkono umepata. Kwenye meza ya karata hakuna kilichovuliwa. Kila shilingi unayobeba imetoka mfukoni mwa mwenzako, na mwenye ukumbi ameshakata chake.

Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, imeiweka kamari pamoja na ulevi, na sababu imetajwa: uadui baina ya watu, na kusahaulishwa dhikri na swala. Haikusema mjuzi anasamehewa. Na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inamtosha mtu mbele ya serikali, si mbele ya Mola wake.

Mahari ni haki yako, bi harusi, na ni ya kwanza kuingia mkononi mwako kutoka kwake. Mtume (S.A.W.) alimwambia masikini atafute japo pete ya chuma. Kidogo kimekubaliwa. Cha haramu hakikuombwa.

Binti alimjibu kwa adabu, kupitia walii: aache meza kwanza, kwa ajili ya Allah na si kwa ajili yake, kisha aje na kidogo cha halali. Kijana ameomba muda. Binti analia usiku, siwafichi. Anampenda. Lakini hajarudi nyuma, nami namwombea wote wawili.

Ukhti unayeposwa, uliza haya kabla ya kuchagua rangi ya nguo: Pesa inatoka wapi hasa? Mwezi mbaya mnakula nini? Ana madeni? Anabeti kwenye simu? Mikeka ya mpira ni ndugu wa poka, tena imeingia majumbani mwetu bila hodi.

Kuuliza si kukosa haya. Walii wako yupo kwa kazi hiyo, mtumie. Allah awaruzuku waume wema na riziki safi. Aamin.