Alama Kumi za Insha

Ntinda, Kampala

Wifi yangu Mwalimu,

Umelalamika kwamba kila ukimpigia mwanao simu anakujibu Kiingereza kilichonyooka mpaka unakosa la kumwambia, ukauliza huko shuleni wanamfundisha nini. Kaka yako alisema nikujibu kwa sauti ya WhatsApp. Nimekataa, jambo lenyewe linataka karatasi.

Mwanao yuko P6, yaani darasa la sita. Mwakani ni P7, na mwanzoni mwa Novemba ya P7 ndipo unapokuja mtihani wa kumaliza shule ya msingi, unaotikisa kila nyumba mjini hapa, PLE. Masomo ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii yaliyochanganywa na dini. Kila somo hupewa daraja, 1 ikiwa ya juu kabisa na 9 ya chini, kisha yote hujumlishwa. Kwa hiyo ukisikia mama wa hapa anasema wa kwake kapata nne, usimpe pole. Anatafuta mbuzi wa kuchinja.

Karatasi ya Kiingereza naijua vizuri sasa, maana meza yetu ya chakula imejaa hizo tu. Sehemu ya kwanza ni maswali 50 mafupi: jaza pengo, andika wingi, kisha lile wanalolipenda walimu wa hapa kuliko yote, andika upya sentensi kama ulivyoelekezwa. Usemi halisi uwe wa taarifa; sentensi mbili ziwe moja bila kutumia "na"; ya "ingawa" ianze na "licha ya" na maana ibaki ileile. Mwanao anazigeuza kama mpika chapati, hata hazitazami. Sehemu ya pili ina maswali matano ya alama kumikumi: kifungu cha ufahamu, shairi au tangazo au mazungumzo, sentensi zilizovurugwa azipange ziwe hadithi, na mara nyingi mwishoni barua au insha. Kuandika kwenyewe, yaani mtoto kukaa na ukurasa mtupu akaujaza kwa jambo lake, ni alama 10 kati ya 100. Mwalimu mwenye watoto 80 wa P7 atafanyaje? Atafundisha zile 90.

Simlaumu. Insha 80 ni usiku mzima wa kalamu nyekundu, wewe unajua, ilhali mapengo unasahihisha huku unapika. Na matokeo yakitoka, magazeti yanachapa shule zilizopata daraja la kwanza kwa wingi, na wazazi tunayasoma kwa kidole. Hakuna gazeti linaloandika shule ipi watoto wake wanapenda vitabu.

Lakini shairi, wifi! Wewe mtu wa Tanga ungelia. Mtoto anapewa beti tatu, kisha maswali: Shairi lina beti ngapi? Nani kaliandika? Neno gani katika ubeti wa pili lina maana sawa na hili? Nilimwambia mwanao alisome kwa sauti, alighani kidogo hata kwa mahadhi ya uongo. Akaniambia hilo halimo kwenye maswali.

Na hicho Kiingereza unachokilalamikia: tangu 2007 mtaala wa serikali unasema P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, P4 iwe ya kuvuka, na kuanzia P5 kila kitu kiwe Kiingereza. Kampala ni mji wa lugha nyingi, kwa hiyo shule nyingi zinaanza na Kiingereza tangu chekechea, na lugha ya mama inabaki kwenye geti. Jirani yetu anasimulia jinsi enzi zake alivyovishwa kipande cha ubao shingoni kwa kusema Luganda. Ulikuwa unakivaa mpaka umnase mwenzako naye kasema, umvishe, na aliyebaki nacho jioni ndiye wa viboko. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o kayaandika hayahaya ya Kenya. Jirani anacheka akisimulia, ila mimi sikuona cha kuchekesha.

Sasa njoo asubuhi hapa kwenye kituo cha bodaboda. Gazeti moja la Bukedde, la Kiluganda, linazunguka vijana sita. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanabisha, mwingine anarudishwa nyuma asome tena kile kipande cha kesi ya kiwanja. Huko ndiko kusoma kunakoitwa kusoma! Na PLE haina karatasi ya Kiluganda.

Mambo haya yana mizizi, na mmoja uko juu ya kilima cha Makerere, pale chuoni. Juni 1962 walikutana pale waandishi wa Afrika, Achebe na Soyinka wakiwemo, na Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi wa hapohapo. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert wetu, aliyeandika kwa Kiswahili na mwenye vitabu kuwazidi wengi waliokaa ukumbini, hakuwa na kiti, na mwezi huohuo alifariki. Kila nikipita Makerere kwa teksi nalikumbuka hilo, nakasirika mpaka Wandegeya.

Vitabu vya hadithi vipo, usidhani ni jangwa. Duka la vitabu la Aristoc pale Kampala Road lina rafu nzuri za watoto. Ila mzazi mwenye pesa ya kitu kimoja hununua mitihani ya majaribio, iliyofungwa kwa seti, inayochapishwa Nasser Road pamoja na kadi za harusi na kalenda za wanasiasa.

Muhula huu mwanao aliandika insha kuhusu siku asiyoisahau. Akachagua enzi za korona, shule zilipofungwa hapa, zote au baadhi ya madarasa, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, naye alikuwa mdogo hajui hata kusoma. Kaandika kuwa bibi mwenye nyumba alimfundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma, na kwamba ukuta ulipopakwa rangi alilia kwa sababu S yake ilikuwa imependeza. Nilisoma mara tatu. Mwalimu kampa 6, kazungushia nyakati za vitenzi duara nyekundu, na kweli zilikuwa zimevurugika. Pale kwenye S hakuweka alama yoyote, ya kusifu wala ya kukosoa.

Kuna hili jipya la Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kiwe cha lazima shule za msingi na sekondari, lakini walimu hawatoshi, na majirani wamenigeuza mwalimu wa Jumamosi bila kuniuliza. Ninao watoto saba uani. Nimewaambia hatuna mazoezi wala mapengo, tutasoma hadithi tu na atakayetaka ataandika yake. Wawili wameshauliza kama itatoka kwenye mtihani.

Kwa hiyo nitumie vitabu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert nakala mbili, na vile vidogo vyenye picha vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, vyovyote utakavyopata. Mpe dereva wa basi la Nairobi, kaka yako ana mtu wa kuvipokea. Vya mazoezi usitume hata kimoja, tunavyo hadi chini ya kitanda. Na mwanao akipiga simu Jumapili, mwambie akusimulie habari ya ukuta, kwa Kiswahili.

Wifi yako