Ndege Isiyo na Madirisha

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imenifikisha Kidato cha Tatu, nami nilikuwa nimeanza kudhani kuwa wahenga walikosea.

Nilipojiunga na shule hii niliwaambia wenzangu kuwa babangu ni mhudumu wa ndege. Haukuwa uongo mtupu. Alikuwa. Kwa miaka 14 alivaa suti na tai akavuta kijisanduku chake cha magurudumu, na kila aliporudi alituletea vijisabuni vya hoteli. Kisha korona ikabisha hodi. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria, na ziliporejea Agosti mosi, barua ya baba ilikuwa imeshafika. Kampuni siitaji. Alikaa nyumbani muda mrefu akitazama ukuta, mpaka alipopata kazi katika ghala moja la mizigo kule Embakasi. Hapo ndipo niliponyamaza. Niliwaacha wenzangu waendelee kudhani kuwa bado anaruka.

Sasa, katika Jiografia ya Kidato cha Tatu kuna kilimo cha maua, Kenya ikilinganishwa na Uholanzi. Mwalimu wetu si mtu wa kuridhika na ubao. Alitutangazia kuwa tungekwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuona maua yakisafirishwa. Darasa zima lilishangilia isipokuwa mimi. Jioni hiyo nilimpigia mama simu nikamwuliza baba angekuwa na zamu gani. "Ya usiku," akasema. Nikashusha pumzi.

Kumbe zamu ilibadilishwa.

Tulikaguliwa langoni, tukavishwa vizibao vya njano, tukaingia chumba baridi ambamo makatoni ya waridi yalipangwa hadi juu. Meno yaligongana. Tulipotoka, mwenyeji wetu akasema kuwa mtu wa mizani angetueleza yaliyosalia. Mtu wa mizani akageuka. Alikuwa na ovaroli ya buluu na kalamu nyuma ya sikio.

Baba alinitazama mara moja tu. Sijui aliona nini usoni pangu, lakini alielewa. "Karibuni, wanafunzi," akasema, na macho yake yakanipita kama mtu asiyenijua. Ati babangu ananisaidia kumkana! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mlango wa nyuma wa ghala ulikuwa wazi, na nje ilisimama ndege nyeupe, Boeing 737-300. Maua ya Uholanzi hayapandi hii, alitueleza. Hayo huchukuliwa na majitu yawezayo kufika Ulaya. Hii ni ya masafa mafupi, ya vipuri, dawa na vifurushi vya nchi jirani.

"Ilizaliwa ya abiria," akasema. "Ilikuwa ikibeba watu zaidi ya 100. Tazameni ubavuni."

Tulitazama. Hapakuwa na madirisha, ila ukikaza macho uliona alama zake, safu ndefu ya viduara vilivyozibwa kwa mabati na kupakwa rangi.

Baba akasahau mizani. Mikono yake ikaanza kuonyesha huku na huku, ile ile iliyokuwa ikionyesha abiria mlango wa dharura. Viti vyote hung'olewa, akasema, na majiko, na zile barakoa za hewa. Ubavu wa kushoto, karibu na mbele, hukatwa tundu kubwa na kutiwa mlango unaofunguka kwenda juu. Sakafu huimarishwa, kwa maana paleti moja ni nzito kuliko safu ya watu, kisha hutiwa vigurudumu ili mizigo iteleze. Nyuma ya marubani huwekwa kizuizi imara. Ndege ikisimama ghafla, mzigo usije ukawaangukia. Baada ya hapo hubeba zaidi ya tani 15. Alitwambia pia kuwa Kenya Airways ilifanya hivyo mwaka 2013, ikageuza 737-300 zake yenyewe.

"Kwa nini wasinunue mpya?" mmoja wetu akauliza.

"Mpya ni ghali, na ya mizigo mara nyingi hairuki mara nyingi kwa siku kama ya abiria. Tena sanduku halilalamikii kiti kilichochakaa."

Kisha akatueleza jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote cha shule. Ndege haizeeki kwa miaka tu. Kila ipaapo hujazwa hewa kama mpira, na kila ituapo hewa hiyo hutolewa, na bati huchoka kidogo kidogo. Ndiyo maana safari zake huhesabiwa na nyufa hutafutwa. Tarehe 28 Aprili 1988, kule Hawaii, Boeing 737-200 ya Aloha Airlines iliyokuwa imeruka mara 89,680 iling'oka kipande cha paa ikiwa angani. Watu 94 walifika chini wakiwa hai, wengi wakiwa wamejeruhiwa. Mhudumu mmoja aliyekuwa amesimama kati ya viti alifyonzwa nje, asionekane tena.

"Alikuwa na miaka 37 kazini," baba akasema, sauti ikashuka. Wenzangu waliandika tarehe. Mimi sikuandika kitu.

"Na hii ikichoka kabisa?" mwalimu akauliza.

"Injini zikiwa nzima hufungiwa ndege nyingine, Mwalimu. Magurudumu, vioo, karibu kila kitu kina mteja. Kiwiliwili ndicho huwa vyuma chakavu."

Rafiki yangu wa dawati moja, ambaye miaka yote amekula chumvi ya hadithi zangu, akainua mkono. "Mzee, wewe umejuaje haya yote? Ushawahi kupanda?"

Baba alisita. Akaishika kalamu yake, akairudisha sikioni.

"Nimepanda kidogo," akasema.

Moyo ulinidunda hadi masikioni. Nikanyoosha mkono kabla sijajua nitauliza nini.

"Baba," nikasema, "na vyoo je, viling'olewa vyote?"

Kicheko kikaanza, kikafa. Rafiki yangu alinigeukia mdomo wazi. Baba alinitazama, safari hii kwa muda.

"Kimeachwa kimoja, mwanangu," akanijibu. "Cha mbele, cha marubani. Njooni huku muone."