Kasongo–Kabambare: Joini ndogo ya gurudumu, mzigo wa jamaa nzima

Wakati wa mvua, gari inayotoka Kabambare kwenda Kasongo hupita kwenye matope na maji yanayofunika nusu ya magurudumu. Remorki iliyobeba mpunga leo, kesho inaweza kubeba magodoro, sufuria na watoto wa jamaa inayokimbia vita. Hapo usalama wao unashikwa na kitu kidogo: joini ya grisi, ile pete ya mpira iliyo nyuma ya gurudumu. Inazuia grisi isitoke na matope yasiingie kwenye rulema.

Kuna mafundi wanaorudisha joini ya zamani kwa sababu mpya ni bei. Lakini joini iliyong'olewa kwa bisibisi huwa imekwisha kupinda. Grisi ikiisha, rulema inaungua, na gurudumu linaweza kuchomoka njiani.

Fundi mwangalifu husafisha kwanza ekseli na ndani ya kitovu cha gurudumu. Anajaza grisi mpya kwenye rulema ya ndani, anaiweka, kisha inafuata joini. Mdomo wenye springi unaangalia ndani, upande wa rulema. Anaupaka grisi kidogo, anaweka ubao bapa juu, na kugonga polepole mpaka joini ikae sawa pande zote. Ikikaa upande, itavuja.

Baada ya kilomita chache, dereva asimame, asogeze mkono karibu na kila gurudumu. Moja likiwa na joto kuliko mengine, lifunguliwe palepale. Afadhali kuchelewa saa moja kuliko kulaza watoto porini.