Kompyuta yangu ina homa!

Jamani, tamaa mbaya. Kompyuta yangu ya steshenari hapa Bariadi niliiongezea kasi ya prosesa, eti kazi za wateja ziishe chapchap. Asubuhi, ikiwa haina kazi, ilisoma nyuzi joto 48. Nikatamba! Kumbe namba ya mashine iliyolala haisemi kitu. Saa nane mchana, bati linawaka, nikaanza kuunganisha video ya harusi: 94. Prosesa nyingi zikikaribia 100 hujipunguzia kasi zenyewe, kwa hiyo kasi niliyoiongeza joto lilikuwa linaila. Nikafungua boksi, feni imevaa koti la vumbi na manyoya ya pamba. Nikapuliza, nikarudisha kasi ya kiwandani. Video ileile, bati lilelile: 76. Bwana harusi, wakati huo, ameshapiga simu mara tatu.