Gemu Nazo Hutengenezwa na Watu



Watoto wetu wengi hapa Nyabusozi wanacheza gemu kwenye simu. Mzazi akiiweka simu mezani, mtoto amekwisha kuichukua. Wazee huniuliza, "Bwana Shamba, vitu hivi vinatoka wapi?" Kazi yangu mimi ni mahindi, mihogo na maharage. Lakini hivi karibuni nilipata nafasi ya kuona kwa macho yangu.

Vijana wanne wa Mwanza walikuwa wanatengeneza gemu ya kilimo. Walitaka mtu wa kuwaeleza habari za viwavijeshi vamizi. Nilipanda basi, nikavuka ziwa kwa Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, nikawafikia.

Nilidhani nitaona mitambo mikubwa. Nilikuta chumba kimoja, meza mbili, kompyuta nne, feni na karatasi nyingi ukutani.

Kazi inaanzia kwenye karatasi. Kwanza wanatunga kanuni. Ni kama bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Bila kanuni, hayo ni mashimo na kete tu. Kanuni ndizo zinazoufanya mchezo.

Pili ni picha. Binti mmoja alikuwa anamchora mkulima anayetembea. Alichora picha nyingi, kila moja ikiwa imebadilika kidogo. Zikipitishwa upesi, jicho linaona mtu anatembea.

Tatu ni programu. Programu ni maagizo yanayofuatwa na kompyuta. Kwa mfano: mchezaji akigusa jembe, mkulima ainame. Maji yakiisha, mmea unyauke. Kompyuta haikisii. Ukisahau agizo moja, utamwona mkulima akitembea juu ya maji ya kisima!

Nne ni sauti. Walitaka sauti ya mtu anayepita katika mahindi makavu. Walifikicha mfuko wa karatasi karibu na kinasa sauti. Ukifumba macho, utasema uko shambani wakati wa mavuno.

Tano ni kujaribu. Walimwita mtoto wa jirani, mwenye miaka kumi hivi. Walimpa simu, kisha wote wakanyamaza. Hakuna kumwelekeza. Alipokwama, waliandika mahali alipokwama. Hawakusema mtoto ni mjinga. Walisema gemu haijaeleweka, wakarudi kuirekebisha. Jambo hili lilinipendeza sana. Linatufaa wote tunaofundisha watu.

Lakini tulibishana. Katika gemu yao, viwavi walionekana juu ya jani. Mchezaji alipiga dawa mara moja tu, viwavi wote wakafa.

Niliwaambia, "Hapana. Shambani si hivyo." Viwavi hawa walionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wamefika Tanzania. Nondo hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200 katika fungu moja. Viwavi wadogo huanza kukwangua majani. Wakikua hujificha ndani ya moyo wa mhindi. Hapo dawa haiwafikii kwa urahisi.

Kijana mmoja akasema, "Mzee, tukiyaweka yote hayo mchezo utachosha. Watu wanataka kushinda haraka."

Nikamjibu, "Mtoto atacheza, kisha atamwambia baba yake kwamba dawa mara moja inatosha. Baba atasubiri mpaka viwavi wawe wakubwa. Atanunua dawa, na mahindi yataliwa vile vile. Nyumba hiyo itakula nini?"

Wote wakanyamaza. Ndipo yule binti mchoraji akatoa shauri. Alisema kukagua ndiko kuwe mchezo. Mchezaji apite shambani mara mbili kwa wiki, afunue majani, atafute mayai na kuyaponda. Anayekagua apate alama. Anayechelewa apoteze shamba.

Walifanya kazi mpaka usiku. Kesho yake walimwita tena yule mtoto. Mara ya kwanza alipoteza shamba lote. Mara ya pili alianza kufunua majani bila kuambiwa na mtu.

Vijana hao walinieleza habari za Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita katika nchi ambayo leo inaitwa Sudan Kusini. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme. Mayen alitembea saa tatu kwenda kuichaji.

Alijifunza, akatengeneza gemu inayoitwa Salaam. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi. Hatafuti wa kumpiga. Anakimbia vita, anatafuta maji na chakula, anatafuta amani. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa heshima huko Marekani kwa kazi hiyo.

Sisi wa upande huu habari hii tunaielewa. Majirani zetu wa Ngara wanakumbuka Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakajaa Benaco. Mtoto ambaye hakuyaona hayo anaweza kuyaonja kidogo ndani ya gemu, akajifunza kumhurumia mgeni.

Wazazi, tusidanganyike. Si kila kinachoitwa mchezo ni cha kumfaa mtoto. Mashine za kutumbukiza sarafu ni kamari. Sheria ya Tanzania inamkataza mtu mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza kamari. Gemu nyingine za simu huomba fedha katikati ya mchezo. Kwa hiyo namba yako ya siri mtoto asiijue.

Gemu hutengenezwa na watu, na watu huweka ndani yake wanachotaka. Kwa hiyo keti na mtoto wako. Mwulize, "Humu unafanya nini? Ukishinda, umeshinda kwa njia gani?" Jibu lake litakuonyesha kama anajifunza au anapotezewa muda. Maswali yakiisha, nendeni pamoja shambani mkafunue majani ya mahindi.