Pakiti Ina Onyo, Mabuyu Yana Mpishi

Huku Uingereza, pipi ikitiwa tartrazini, ile rangi ya manjano ya viwandani, sheria inamlazimu mwenye kiwanda kuandika kwenye pakiti kwamba huenda ikaathiri utulivu na umakini wa mtoto. Onyo hilo lilianza Julai 2010 kote Umoja wa Ulaya, na linahusu rangi sita.

Chanzo chake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la The Lancet. Watoto wa miaka 3, na wengine wa miaka 8 na 9, walipewa kinywaji chenye rangi hizo pamoja na sodiamu benzoeti, inayozuia chakula kuharibika. Wiki nyingine walipewa kinywaji kama hicho bila vitu hivyo. Kwa wastani, mchanganyiko huo uliwazidishia utukutu. Athari haikuwa kubwa wala haikumpata kila mtoto, na kwa kuwa vyote vilichanganywa, hakuna aliyeweza kusema ni kipi hasa chenye kosa.

Hata hivyo, hakuna kiwanda kinachopenda kujisema vibaya kwenye pakiti yake. Vingi vikaacha rangi hizo, vikahamia bitiruti, karoti na manjano ya mizizi. Mzazi hakulazimika kusoma chochote. Rafu zilibadilika zenyewe.

Sasa twende kwetu Garsen, Kenya. Soda na juisi za unga za madukani zina maandishi, na anayejua kutafuta E102, E110 au E129, nambari za baadhi ya rangi hizo, atazikuta zikiwapo. Lakini mtoto wa Garsen akishika shilingi kumi hakimbilii pakiti. Anakimbilia mabuyu, achari za maembe, barafu za mfukoni na viazi karai. Hivyo vyote havina lebo, na kiwanda chake ni sufuria ya mama wa jirani.

Mabuyu hupikwa hivi: sukari na maji huchemshwa hadi kuwa shira, hutiwa iliki na pilipili, kisha rangi nyekundu, halafu mbegu zenye unga wake hukorogwa mpaka shira ishike. Uchachu unatoka kwenye ubuyu, utamu kwenye sukari, harufu kwenye iliki. Rangi haiongezi ladha hata chembe. Kazi yake ni kuvutia macho, na kuwaachia watoto ndimi nyekundu za kuonyeshana njiani wakitoka shule.

Ndiyo maana sioni faida ya kuwahubiria wazazi wa kwetu wasome lebo. Nguvu yao ni nyingine, tena huku sina: mpishi wanamjua kwa jina. Mimi siwezi kumwambia mwenye kiwanda cha pipi apunguze rangi. Dada yangu anaweza kumwambia mpishi, “Mama, Idi hii nipikie kilo mbili zisizo na rangi,” na akapikiwa. Viazi karai navyo vinapata umanjano wa kutosha kwa kijiko cha bizari ya manjano kwenye ule unga wa kuchovyea.

Mpishi naye ana hoja yake: mabuyu meupe hayanunuliki. Ni kweli, kama ni yeye peke yake anayeyauza. Basi oda zianzie kwa watu wazima, kwenye arusi, maulidi na sherehe za shule, ambako anayelipa si mtoto. Akiona sufuria isiyo na rangi imeisha yote, hesabu ataifanya mwenyewe.