Usiku Unalala au Unakaa?

Nilipoanza ukunga miaka ya 1980, mjamzito kuhema hakukuandikwa popote kwenye kadi. Akina mama walishuka kliniki kutoka Akheri na Nkoaranga, kisha wakapanda tena na mizigo ya sokoni; nani asiyehema kwenye miteremko ya Mlima Meru? Tulipima uzito na presha, tukabonyeza miguu kutafuta uvimbe, maana kifafa cha mimba ndicho kilichotutisha. Kile kipembe cha kusikilizia kilikuwa cha moyo wa mtoto. Wa mama tuliuacha.

Kumbe baadhi yao walibeba kovu la utotoni. Mtoto huumwa koo, halafu homa na viungo kuvimba, inapita. Miaka baadaye mlango mmoja wa moyo, upande wa kushoto, umekakamaa na kuwa mwembamba. Binti anachota maji, anaolewa, hana habari. Mimba huongeza damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na kuanzia mwezi wa saba hivi moyo unakimbia kuipitisha. Isipopita, inarudi nyuma kujaa mapafuni, na mama akilala chali anakosa pumzi.

Daktari kijana aliyetokea hospitali ya KCMC, Moshi, ndiye aliyetufundisha kuuliza: unalalia mito mingapi? Swali la wenye mito, hilo. Wetu wote walijibu mmoja, au hakuna. Tukaligeuza: usiku unalala au unakaa? Ndipo majibu yakaja. “Sista, mimi siku hizi naegemea ukuta mpaka kuche.” Huyo hakurudi nyumbani siku hiyo.

Jingine lililogeuka ni hofu yenyewe. Zamani kondo likitoka tulishusha pumzi. Sasa najua saa 24 za kwanza ndizo za kukesha: mji wa mimba unajikaza, damu inarudi kwa kishindo kwenye moyo uliochoka. Sindano ya ergometrini ya kuzuia damu, tuliyoichoma kwa mazoea, kwa mama mwenye moyo wa hivyo ni mwiko. Anapewa oksitosini polepole. Dripu haikimbizwi. Mama anakaa ameinuliwa, na hasukumi sana, tunamsaidia kumvuta mtoto. Ndugu hudai upasuaji, lakini mara nyingi moyo peke yake si sababu ya kumpasua.

Rufaa nazo zilibadilika. Upasuaji mkubwa wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo ilikuwa kusubiri safari ya India. Tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na mlango uliobana unaweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, hata mimba ikiwepo. Aliyewekewa mlango wa chuma ana mtihani wake: wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inamlinda yeye lakini miezi ya mwanzo inaweza kumlemaza mtoto. Ni heri aseme kabla ya kushika mimba. Hayo mazungumzo, mbele ya mume na mama mkwe, bado ni magumu kuliko kuzalisha.

Na kuna moyo unaotanuka mwishoni mwa mimba au miezi ya kwanza baada ya kujifungua, kwa mama ambaye hakuwahi kuugua. Anakuja na mtoto kwa chanjo, miguu imevimba, anakohoa usiku. Mtoto anapimwa, anachomwa, kadi inagongwa muhuri. Wanafunzi wanaokuja kunitembelea Tengeru nawaambia wamuulize na mama, hapo hapo foleni.